Seagull kuukuu: usinunue inayong'aa kabla hujasoma uzi huu (Mombasa)

HoriLaTudor (mwanzisha uzi), Ijumaa saa 3 usiku

Salaam aleikum nyote. Tangu niweke picha ya hori langu (mtumbwi wangu) na ile mashine ya tangi la shaba kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, maswali yamejaa sandukuni hata nimeona afadhali tuzungumze hadharani, na mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Mashine yenyewe ni British Seagull, mashine ya boti ya kufunga tezini. Marehemu babu yangu, aliyekuwa akivusha watu kwa makasia pale Bandari ya Kale, aliziita "sigali". Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, kiwanda kikaja kukaa Poole, mji wa bandari kule Dorset, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilizichukua kwa maelfu. Ni mashine ya kukokota, kukimbia si kazi yake. Silinda moja, tu-stroki (inayochoma petroli iliyochanganywa na oili), nguvu ya farasi tatu hadi tano hivi kwa hizi zinazopatikana, na propela pana inayozunguka taratibu. Ukiifunga kwenye boti ya mbio utaona umeibiwa. Ukiifunga kwenye hori zito lenye watu wanne na ndoo za samaki, itakufikisha Mtongwe hata maji yakikukabili.

Sasa kisa changu, maana ndicho kilichonifundisha. Ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa stoo ya nyumba moja Kizingo, imefunikwa shuka, tangi limesuguliwa mpaka unajiona uso. Nililipa elfu 30 bila kubembelezana. Ilizunguka vizuri mkononi, moto wa plagi ulikuwepo, nikaiwasha kwenye pipa ikaitika. Siku niliyoingia nayo majini haikumaliza dakika kumi, bloku ikachemka hata mate yakiidondokea yanalia. Nilipoifungua kichwa nikakuta njia za maji zimejaa kitu cheupe, kigumu kama chokaa ya ukutani. Nikachokoa kwa msumari. Chini ya ule weupe chuma kilikuwa kimeliwa, na sehemu moja ukuta wa silinda ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Aliyeitumia mara ya mwisho aliitoa baharini akaiweka stoo vilevile na chumvi yake, na ile chumvi ikafanya kazi miaka yote kimyakimya huku nje inapigwa msasa na rangi.

Ya pili ndiyo hii niliyonayo mwaka wa sita sasa. Nyeusi kwa moshi, tangi limebonyea, kipini cha gesi kimefungwa waya. Mvuvi mmoja wa Tudor alikuwa akiitumia kila siku mpaka wiki aliyoniuzia, elfu 14. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nipe mashine chafu iliyotoka majini jana, nikuachie wewe ile safi iliyolala stoo.

Ukienda kuangalia, nenda na spana ya plagi, bisibisi, kitambaa cheupe na kijiti chembamba. Anzia chini, kwenye sanduku la gia, kwa sababu huko ndiko muuzaji hakutegemei uangalie. Fungua skrubu ya oili, acha ichuruzike kwenye kiganja. Ikitoka nyeupe kama tui, usishtuke. Sanduku la Seagull halina sili ya kuzuia maji kama za mashine za siku hizi, oili nzito peke yake ndiyo inayoyazuia, na maji kidogo huingia tu. Ile oili isugue kati ya vidole viwili kisha uielekeze juani. Ukiona vimeta vya chuma, gia au bushi zinakwisha, na hapo ama bei ishuke sana ama uondoke. Ikitoka maji matupu kwanza kabla ya oili, mwenyewe hajaigusa kwa muda mrefu.

Kisha ishike propela uitingishe mbele na nyuma. Utaona inacheza kidogo na kurudi, kwa sababu kuna springi inayoishika shafti badala ya pini. Springi hiyo ndiyo inayokuokoa ukigonga mwamba. Iangalie kama haijanyooka wala kuliwa na kutu.

Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha flaiwili (lile gurudumu zito la juu) polepole. Usitarajie ikusukume kama mashine mpya, hizi hazina kompresheni kubwa tangu kiwandani. Lakini kidole lazima kisikie pumzi. Kisha tia kijiti kwenye njia za maji uone kinaingia mpaka wapi. Na tafuta zile herufi na namba zilizogongwa kwenye mwili wa mashine: ndizo zinazotaja aina yake na umri, na bila hizo ukiagiza spea utaletewa za aina nyingine. Kiwanda kilifungwa miaka ya 90, ila spea bado zinapatikana Uingereza kwa wenye kuzishughulikia.

Kesho nitaeleza kuhusu kuiosha, maana hilo lina maneno yake. Ulizeni.

---

MwanaWaMtongwe, Ijumaa saa 4 usiku

Waaleikum salaam ami. Uzi umekuja wakati wake. Kuna moja nimeiona kwenye yadi ya vyuma vikuukuu, wanataka elfu 12. Tatizo haizunguki kabisa. Jamaa wa yadi anasema nikiivuta kamba kwa nguvu itaachia. Nifanyeje?

---

HoriLaTudor, Ijumaa saa 4 na robo usiku

Mwanangu, usiivute. Ukiivuta kwa nguvu, kama ringi za pistoni zimeshikana na silinda, utazivunja humo ndani, na kipande cha ringi kitachora ukuta mzima. Mwambie yule wa yadi unataka kuijaribu kwanza. Toa plagi, mimina oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, vijiko viwili vitatu, iache kwa siku mbili, mashine ikilala ili mafuta yazunguke pistoni. Siku ya tatu shika flaiwili kwa mikono miwili, itikise kulia na kushoto kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa uliokwama. Ikisogea hata upana wa ukucha, umepata. Ongeza mafuta, subiri tena.

Akikataa kukupa siku tatu, hiyo elfu 12 ibaki mfukoni.

---

FundiMakupa, Jumamosi saa 1 asubuhi

Mimi ni fundi wa mashine za boti, na ninayosema nayasema kwa kuwatakia heri. Kwa mtu anayetafuta riziki baharini, nunueni Yamaha Enduro ya mitumba. Plagi, ringi, impela, vyote utavipata mjini asubuhi na mchana uko majini. Hii Seagull ikikukatikia kitu kimoja unaagiza ng'ambo na kusubiri, na siku unazosubiri watoto wanakula nini?

Ila kama mtu ameshainunua, asikilize habari ya umeme wake. Nyingi ninazoletewa zinasemwa "kabureta mbovu" na kabureta haina kosa. Kosa liko chini ya flaiwili. Pointi, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi ipate moto, zinaota ukungu wa kijani kwa hewa ya chumvi. Zisugue kwa msasa laini kabisa, au kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha pima pengo: nusu milimita, yaani inchi 0.020. Plagi nayo pengo hilohilo. Kuna dalili moja ya kuijua: mashine inawaka ikiwa baridi, inakwenda robo saa, inazima, ukisubiri ipoe inawaka tena. Hiyo ni koili (inayozidisha umeme wa plagi) au kondensa (kile kikopo kidogo cha umeme kando ya pointi) inayochoka kwa joto. Kondensa ni rahisi, anza nayo. Na angalieni plagi zenyewe. Mashine za zamani zilikuja na plagi nene ya milimita 18, na plagi nyingi za dukani ni za milimita 14. Ukiipata yake, nunua tatu.

---

HoriLaTudor, Jumamosi saa 2 asubuhi

Fundi, sina la kukupinga. Mtu anayelisha nyumba kwa uvuvi, asinunue hii. Mimi nina kazi nyingine wiki nzima, bahari ni Jumamosi na Jumapili, na hori langu halitoki nje ya mwamba. Hata hivyo makasia mawili na pondo havishuki humo hata siku moja, na kila aliyepanda ana jaketi la kuokolea. Kusi likivuma sawasawa sitoki, mashine iwe nzima namna gani.

Na hiyo habari ya koili ilinikuta. Nilibadilisha kabureta nzima bure. Kumbe kondensa.

Sasa kuosha. Hapa ndipo mashine zinapofia Mombasa, na hazifii baharini, zinafia nyumbani. Ukirudi, kabla hujanywa chai, mashine iingie kwenye pipa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iwake humo dakika tano mpaka bloku ipate moto na maji mapya yapite kila njia. Usiiwashe nje ya maji, hata kwa kumwonyesha mgeni, kwa sababu hakuna kitakachoipoza.

Lakini maji yepi? Mwaka wa kwanza niliosha kwa maji ya kisima chetu hapa mjini, na bado nikakuta weupe kwenye njia za maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, ukiyaonja utajua. Nilikuwa naosha chumvi kwa chumvi. Sasa masika nakinga maji ya paa kwenye tangi la lita 500 na hayo sinywi wala sifulii, ni ya mashine. Yakiisha nanunua madumu ya mkokoteni. Madumu manne yanatosha pipa langu, na yale maji nayatumia mara mbili tatu kabla ya kumwaga.

Baada ya hapo funga bomba la petroli iendelee kuwaka mpaka ijizimie yenyewe kwa kiu, ili kabureta isibaki na kitu ndani. Petroli ikikauka mle oili inabaki peke yake, nzito kama asali, inaziba tundu la jeti, na wiki ijayo unavuta kamba mpaka bega linatoka. Ifute, ipake oili kwenye bolti zote, iache imesimama wima ili maji yashuke. Nati za kichwa na za kubana tezi zipake grisi kila mara, kwa sababu chuma na alumini vikikaa pamoja na chumvi vinashikana, na bolti iliyokatikia ndani ya alumini ni msiba wa siku nzima.

---

BiChaza, Jumamosi saa 6 mchana

Nimesoma mpaka hapa na sikuona mtu hata mmoja akiitaja oili. Mimi naokota chaza na kaa upande wa Junda. Nyie mnapita na hizo mashine zenu za kizamani, nyuma yenu unabaki utando wa rangi rangi juu ya maji, unakwenda kukaa kwenye mizizi ya mikoko. Maji yakitoka tunaukanyaga. Chaza wananuka petroli, mnunuzi ananusa na kurudisha. Mnasifu mashine kukaa miaka mingi. Na sisi tunataka mikoko ikae.

---

HoriLaTudor, Jumamosi saa 8 mchana

Dada, umesema kweli na nakuomba radhi, maana hori langu hupita njia hiyo.

Niwaeleze wengine kwa nini anasema hivi. Seagull za zamani zinachanganywa 10 kwa 1, yaani lita moja ya petroli kwa mililita 100 za oili. Ni nyingi mno ukilinganisha na mashine za leo. Sababu ni kwamba ndani yake hakuna beringi za golori kwenye shafti kuu, kuna bushi tu, na bushi zinaishi kwa ile oili. Sehemu kubwa ya oili haiungui, inatoka na moshi na kwenda majini. Za mwishoni mwa miaka ya 70 na kuendelea kiwanda kilizibadilisha kabureta zikawa 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Ukipata ya miaka hiyo, ichukue hiyo na uiache ya zamani, hata ikiwa ghali zaidi. Ya zamani inaweza kubadilishwa, lakini ni pamoja na sehemu za kabureta, siyo kupunguza oili kwa kukisia. Kuna rafiki yangu alipunguza hivihivi, shafti ikalia siku ya pili.

Nilichofanya mimi, na sisemi kinatosha: vile vipande vya kabureta nimeviagiza, viko njiani. Mpaka vifike, nikikaribia mikoko nazima na kupiga kasia. Petroli naichanganya na kuitia tangini nchi kavu, kwa faneli, sijazi nikiwa juu ya maji. Na oili ya gia iliyotumika naiweka kwenye chupa napeleka gereji. Nikipita njia yako nitapita kwa kasia, dada.

---

BiChaza, Jumamosi saa 10 jioni

Ahsanta. Nitaangalia.

---

MswahiliWaMinnesota, Jumapili saa 11 alfajiri kwa saa zenu

Salaam kutoka kwenye baridi. Mimi mzaliwa wa Majengo, niko Marekani mwaka wa kumi na mbili. Nasoma uzi huu gerejini kwangu, mbele yangu kuna mashine ya kuondoa theluji, Ariens ya mwaka 1968, na nimeshangaa jinsi maneno yanavyofanana.

Hizi Ariens zinatengenezwa Brillion, Wisconsin, na za kutupa theluji walizianza mwaka 1960. Mbele kuna parafujo kubwa linalosaga theluji na kuileta katikati, kisha feni ya chuma inairusha kupitia bomba. Yangu nilinunua dola 150 kwa mzee wa jirani, ina injini ya Tecumseh, ni foo-stroki kwa hiyo hakuna kuchanganya oili. Mtu wa pwani atashangaa jambo moja: injini hizi za theluji hazina chujio la hewa. Wakati wa theluji hewani hakuna vumbi, na chujio lingeganda barafu likaziba pumzi. Ndiyo maana ukikuta injini kama hiyo kwenye kontena la mitumba hapo Mombasa na ukafikiria kuifunga pampu ya maji, itafutie chujio kwanza. Vumbi la kwetu litaila kwa wiki chache.

Na hiyo springi ya propela mnayoisema, hapa kazi hiyo inafanywa na pini za kukatika kwenye parafujo. Ukikamata jiwe au gazeti lililoganda, pini inakatika, gia inapona. Mwenye nyumba aliyekuwa nayo kabla ya yule mzee aliweka bolti ngumu badala ya pini ili asisumbuke. Gia ikapasuka. Nilitafuta sanduku jingine la gia miezi minne.

Kingine ni kuilaza. Sisi tunailaza kiangazi. Petroli yote itoke mwezi wa nne, la sivyo Novemba theluji ya kwanza inaanguka na kabureta imeziba, na mafundi wote wa mji wana foleni.

---

HoriLaTudor, Jumapili saa 2 asubuhi

Ndugu yetu, umenifurahisha sana. Hiyo habari ya bolti ngumu badala ya pini iwe funzo hapa pia. Nimeona mtu Likoni ameitoa springi ya Seagull akachomelea shafti. Aligonga mwamba karibu na Mtongwe, gia zote zikaenda.

---

MwanaWaMtongwe, Alhamisi saa 12 jioni

Ami, nimerudi na habari. Yule wa yadi alikubali siku tatu kwa kuacha elfu mbili za kushikia. Siku ya pili haikusogea. Jana jioni ilitoa sauti ndogo, *ktk*, ikasogea kama ulivyosema, upana wa ukucha. Leo inazunguka raundi nzima. Oili ya gia ilitoka kama tui, nimeisugua juani sikuona vimeta. Njia ya maji kijiti kimeingia mpaka mwisho. Nimeilipa, elfu 10 jumla.

Namba nimeiona, nitakutumia picha. Sasa naogopa kuiwasha. Ile kamba yake inazungushwaje?

---

HoriLaTudor, Alhamisi saa 2 usiku

Mashallah. Hongera.

Kamba ina fundo upande mmoja. Fundo linaingia kwenye lile pengo juu ya flaiwili, unaizungusha raundi moja na zaidi kidogo kufuata saa, mkononi unashika kipini. Ukivuta, kamba yote inatoka na kuruka nyuma yako, kwa hiyo mtoto asisimame hapo, na kanzu au kikoi kisiwe kinaning'inia, flaiwili iko wazi na haina huruma. Kabla ya kuvuta fungua petroli, bonyeza kile kitufe cha kabureta mpaka uone petroli inachuruzika, funga choki (kile kizibo cha hewa ya kabureta), gesi wazi.

Na uiwashe kwenye pipa, imefungwa kwenye ubao mzito usioweza kupinduka. Angalia namba kama ina klachi. Kama haina, propela inaanza kuzunguka palepale inapowaka. Kwenye hori maana yake chombo kinaondoka na wewe umesimama, basi siku ya kwanza majini iwashe umekaa, omo (mbele ya chombo) imeelekea maji mapana.

Lakini kabla ya yote hayo toa ile oili nyeupe leo, usingoje Jumamosi. Maji yaliyomo yameshakaa na chumvi yake huko yadi miezi mingapi, hatujui. Suuza sanduku kwa mafuta ya taa, zungusha propela kwa mkono, mwaga kwenye chupa, kisha jaza oili ya gia namba 140. Ukikosa 140 niambie, nina nusu lita hapa Tudor, uje uichukue.

---

MwanaWaMtongwe, Alhamisi saa 2 na nusu usiku

Nakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa, ami. Chupa ya oili chafu nitakuja nayo, nikuachie uipeleke gereji pamoja na yako.